Kipimo cha Uso

Msomaji kijana, mikono yako unaiona, na miguu yako unaiona, bali uso wako huuoni ila katika kioo, katika maji yaliyotulia, au katika macho ya watu wanaokutazama. Jirani yako anaujua kuliko wewe. Kwa hiyo uso ni mali ya ajabu: ni wako, lakini wanaoutumia zaidi ni wenzako. Huutumia kukutambua, kukupenda, kukuogopa, na pengine kukucheka. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja. Ikiwa uso wa mtu waweza kugeuzwa, ni nani mwenye haki ya kusema ugeuzwe uwe vipi, na kwa kipimo gani?

Usidhani kwamba swali hili ni la kupitishia wakati. Mimi nilikutana nalo darasani.

Ninafundisha karibu na Burnt Forest, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Nchi yetu ni ya juu na ya baridi, nchi ya mahindi, viazi na maziwa. Katika mwezi wa Julai wanafunzi huja asubuhi wamevuta kola za sweta mpaka midomoni, na ndiyo maana ilinichukua siku nyingi kutambua kwamba msichana mmoja wa kidato cha pili hakuishusha kola yake hata jua lilipopanda. Taya lake la chini lilikuwa limekua likalipita la juu. Meno yake ya mbele hayakukutana. Mahindi ya kuchemsha hakuweza kuyang'ata gunzini kama wenzake. Aliyapukuchua kwa vidole akayala punje kwa punje. Sauti ya f na sauti ya v, ambazo hutaka mdomo wa chini uguse meno ya juu, zilimtoka kwa taabu, na kila zilipomtoka palikuwa na mtu wa kucheka katika madawati ya nyuma.

Nami nilifanya jambo nililolidhania kuwa huruma. Nilipowachagua wanafunzi wa kusoma kwa sauti, nilimruka. Nilimruka muhula mzima. Hakuna aliyenilaumu, na yeye mwenyewe hakusema neno. Lakini usiku mmoja, nikisahihisha madaftari, niliona kwamba ndiye aliyeandika insha bora ya darasa, na kwamba kwa miezi mitatu sikuwa nimeisikia sauti yake. Waliomcheka walimnyima raha kwa dakika moja moja. Mimi nilimnyima kusema.

Mama yake alikuja shuleni siku ya wazazi. Aliniambia, "Mwalimu, nasikia wako madaktari wanaokata taya na kulirudisha mahali pake. Ni kweli, au ni maneno ya sokoni?" Nilimjibu kwamba nitauliza. Niliyoyapata kwa kuuliza ndiyo nitakayokueleza kwanza, kwa maana haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua.

Ni kweli, wala kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1849, katika mji wa Wheeling huko Marekani, tabibu aitwaye Simon Hullihen alikata taya la chini la msichana aliyekuwa ameungua moto miaka mingi nyuma. Kovu la shingoni lilikuwa limelivuta taya likarefuka. Mwaka 1901 Mfaransa René Le Fort alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huifuata inapovunjika kwa pigo, na baadaye wapasuaji wakajifunza kukata kwa kuifuata mistari hiyohiyo. Katika miaka ya 1950 Hugo Obwegeser, aliyekuwa akifanya kazi Zürich nchini Uswisi, alionyesha njia ya kulipasua taya la chini kutoka ndani ya kinywa. Mfupa huchanwa kwa unene wake kama ubao, sehemu mbili zikateleza moja kando ya nyingine, na ngozi ya nje isiwe na kovu. Njia hiyo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, hutumika hata leo.

Taabu ilikuwa katika kupanga. Mpasuaji alichukua picha ya eksirei ya upande wa kichwa, akaichora juu ya karatasi nyepesi, akaikata karatasi kwa mkasi na kuisogeza. Kisha alichukua nakala za meno zilizofanywa kwa plasta, akazikata kwa msumeno, akazibandika upya kwa nta mpaka zikutane vizuri. Kwa mikono stadi kazi hiyo ilifaulu mara nyingi, na nisingependa uidharau. Lakini picha ya upande ni kama kivuli ukutani: kushoto na kulia hulala pamoja, na uso uliopinda upande mmoja hauwezi kueleza habari zake zote kwa njia ya kivuli.

Mmoja wa watu waliofungua mlango alizaliwa katika bara letu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg wa mwaka 1924, alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 alipewa kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, na huko akaanza kujiuliza jinsi ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha miale kutoka pande nyingi na kuifanyia hesabu. Nchini Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield, akifanya kazi peke yake bila ya kushirikiana na Cormack, aliitengeneza mashine yenyewe, na mwaka 1971 ikapiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza mjini London. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mashine hiyo, ambayo katika hospitali zetu huitwa CT, huuona mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Kompyuta huvipanga tena vipande hivyo, na fuvu la mtu aliye hai husimama juu ya kioo likiwa na urefu, upana na kina, likageuzwa huku na huku kama chungwa mkononi.

Juu ya fuvu hilo mpasuaji hukata asimwage damu. Meno hupigwa picha peke yake na kuunganishwa baadaye, kwa sababu picha za CT haziyaonyeshi kwa usafi wa kutosha, hasa yaliyozibwa kwa madini. Taya la juu husogezwa milimita 3 mbele, la chini milimita 4 nyuma, na mpasuaji hutazama kama mshipa wa fahamu upitao ndani ya taya la chini, uletao hisia za mdomo na kidevu, utaguswa au utasalimika. Akikosea hurudisha akaanza tena, na hakuna aliyeumia. Akiridhika, kompyuta huiamuru mashine nyingine itengeneze kwa plastiki kibao chembamba chenye alama za meno ya juu na ya chini. Siku ya kazi yenyewe, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, kibao hicho huwekwa kati ya meno, mifupa iliyokatwa hulazimika kukaa pale ilipopangiwa, kisha hufungwa kwa vibamba na skrubu za titaniamu. Ni kazi nzuri sana. Nilipoielewa nilifurahi kama mtu aliyeona daraja mahali alipozoea kuvuka kwa kamba.

Nilimweleza mama yule nyumbani kwake. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa ameketi nasi alitikisa kichwa. Alisema, "Mwalimu, Mungu hakosei. Uso aliompa ndio wake."

Nikamwuliza kwa adabu, "Mzee, kijana akianguka na bodaboda taya likavunjika, tumwache hivyo?"

"La, huyo amevunjika. Apelekwe Eldoret leo hii."

"Na mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka?"

Alinyamaza kidogo. "Huyo naye ashonwe," akasema, "apate kunyonya."

Msomaji, nililishika neno lile la mzee, "apate". Yeye mwenyewe, bila ya kusukumwa, alikuwa ameona kwamba hatuuhukumu mkono unaougusa uso kwa sababu umegusa, bali kwa kile ambacho mwenye uso atakipata. Apate kunyonya. Apate kutafuna. Apate kupumua usiku, maana wako watu ambao taya lao lililorudi nyuma huwazibia pumzi usingizini. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Aghalabu tunaitumia methali hiyo kumkanya anayemcheka kilema, na ni haki. Lakini isikilize tena polepole. Inasema kwamba kuumbwa kwako hakujakwisha, na mchaji Mungu anaweza kuisema bila ya kumkosea Muumba wake.

Hata hivyo neno hilo ni kama mpira, huvutika. Apate kutafuna, vema. Apate kusema f na v, vema vilevile, kwa maana kusema ni kazi ya taya kama kutafuna. Apate asichekwe? Hapa wengi husita, wakasema kwamba kicheko ni ugonjwa wa anayecheka, na dawa apewe yeye. Nami nilisema hivyo, mpaka nilipokumbuka kwamba huyu msichana alikuwa akiinywa dawa ya ugonjwa wa wengine kila siku kwa kufunga kinywa. Maumivu ya aibu ni maumivu. Sina mstari mnyoofu wa kukuchorea hapa, na ukikutana na mtu aliye nao, mwulize kama yeye mwenyewe amepata kuchekwa.

Wala wazee wetu hawakuuacha uso kama ulivyozaliwa. Wakalenjin walikuwa waking'oa meno mawili ya mbele ya chini na kuyatoboa masikio yakarefuka. Wajaluo waliyang'oa meno sita ya chini. Waliulizwa sababu, na mojawapo ya sababu zilizosimuliwa ni kwamba pepopunda ikimkaza mtu taya, maziwa au uji upate pengo la kupitia. Hapo tena ni "apate". Lakini palikuwa na sababu nyingine, pengine kubwa zaidi: mtoto afanane na rika lake, na asiyemjua amwonapo njiani ajue ni mtu wa wapi. Kipimo cha uso kilikuwa kabila, na aliyekataa kung'olewa alikataa wenzake.

Sasa turudi kwenye kompyuta, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Mashine ile inajua kulihamisha taya kwa nusu milimita. Haijui kulihamishia wapi. Lazima iambiwe uso ulionyooka ni upi. Je, huambiwa na nani?

Katika karne ya 18 Petrus Camper, mwanachuoni wa Uholanzi, aliwaza kuupima uso kwa pembe: mstari mmoja kutoka tundu la sikio kwenda chini ya pua, mwingine kutoka paji la uso kushuka kwenye taya. Katika hesabu zake, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, Mwafrika alipewa nyuzi 70, Mzungu 80, na sanamu za kale za Wayunani 100. Camper mwenyewe aliamini kwamba wanadamu wote ni wa asili moja, lakini waliokuja baada yake waliichukua pembe ile wakaifanya ngazi, wakampanga kila mtu katika kipago chake. Sanamu ya jiwe, ambayo haijapata kutafuna chochote, ndiyo iliyokaa juu kabisa.

Utasema, hayo yamepita. Sikiliza. Mwaka 1948 William Downs wa Marekani alitoa vipimo vya uso ambavyo matabibu wa meno walivitumia kwa miaka mingi katika nchi nyingi. Alivipata kwa vijana 20 wenye meno mazuri, wa umri wa miaka 12 hadi 17, na wote walikuwa Wazungu. Hakufanya hila; aliwapima aliokuwa nao. Lakini meno na midomo ya watu wengi wenye asili ya Afrika huelekea mbele zaidi kuliko ya Wazungu, na huo si ugonjwa. Mtu mzima wa afya, anayetafuna miwa na kupiga mbinja, akipimwa kwa kipimo kile huonekana kuwa na kosa. Mwaka 1989 ulichapishwa uchunguzi wa vipimo vya nyuso za watoto wa Kikuyu, nao ulionyesha kwamba vilikuwa tofauti na vya Wazungu. Tangu hapo, na hata kabla yake, watu wa mataifa mengi wamepimwa kwa haki yao wenyewe. Lakini kitabu cha zamani hakifi upesi, na mtu asiyeuliza kipimo alichonacho kimetoka wapi hukifuata akidhani ni sheria ya maumbile.

Tena, hata kipimo chetu wenyewe si salama. Tukipima Wakenya elfu tukapata wastani, wastani huo hauna mama wala baba; hakuna mtu aliye nao. Nchi jirani zinatufundisha. Rwanda, chini ya utawala wa Wabelgiji, wataalamu walizipima pua na vichwa vya watu, na katika miaka ya 1930 kila mtu akaandikiwa kabila lake katika kitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho vyenye neno hilo viligeuka hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Hapa petu Burnt Forest nyumba zilichomwa mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kati ya wanafunzi wangu wako ambao wazazi wao walilala kambini. Anayeishi hapa hujifunza kumwogopa mtu anayekutazama usoni kwa nia ya kukutia katika fungu. Ndiyo sababu sitakuambia msichana wangu ni wa kabila gani.

Habari ya fedha nitaipita upesi. Wako waliosema kwamba kiasi kile kingelipa karo za wanafunzi kadhaa, na walikuwa wakweli. Lakini walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, na aliyelalamika zaidi alitoa gunia la viazi.

Tulikwenda watatu, msichana, mama yake, na mimi, kwa daktari mmoja wa mataya katika mji mkubwa. Nilidhani nitaona kiburi, nikaona subira. Aliliweka fuvu la mtoto juu ya kioo cha kompyuta, na kando yake fuvu hilohilo kama litakavyokuwa. Alitueleza kwamba mifupa hufuata mpango kwa karibu sana, bali midomo na mashavu hufuata mifupa kwa kadiri yake yenyewe, kwa hiyo sura ya ngozi inayoonyeshwa pale ni makisio tu. Alitueleza juu ya ganzi ya mdomo ambayo yaweza kubaki kwa miezi, na kwa wengine isiondoke kabisa. Kisha akaonyesha jambo moja zaidi. Kwa vipimo alivyovitumia, alisema, kidevu nacho kingefaa kupunguzwa. Akabonyeza, na kidevu kikapungua.

Mama alitazama akasema, "Amekuwa mrembo." Mimi pia niliona hivyo, nakiri.

Msichana aliutazama uso ule kwa muda mrefu, akiwa ameishusha kola. Akauliza, "Daktari, kidevu changu kinazuia meno yasikutane?"

"La, hakizuii."

"Basi kiache. Hicho ni cha nyanya yangu."

Daktari alicheka, si kicheko cha madawati ya nyuma, akabonyeza tena, na kidevu cha nyanya kikarudi mahali pake. Nilikuwa nimesoma kwa miezi juu ya Camper na Downs, na katika chumba kile swali langu lilijibiwa na mtoto aliyeuliza kila kiungo kinazuia nini. Mashine ilimfaa sana: bila ya picha ile asingejua kwamba kidevu chake kilikuwa hatarini, wala asingepata nafasi ya kukitetea. Katika siku za plasta na nta huenda angeamka amekwisha kupunguzwa, kwa nia njema.

Daktari hakumkata. Taya la mtu wa umri ule, alisema, halijamaliza kukua, na ukilikata leo laweza kukua likaupita mpango. Kwanza avae nyaya za meno. Ukuaji ukikoma atapigwa picha upya na mpango utachorwa upya, kwa uso atakaokuwa nao wakati huo. Pengine miaka miwili, pengine zaidi.

Tulirudi jioni kwa matatu, mvua ikinyesha tangu Timboroa. Mama alilala. Msichana alikuwa akitazama dirishani, na bila ya kunigeukia akasema, "Mwalimu, kwa taya nitangoja. Je, kusoma nako nitangoja?"

Jumatatu nilimwita wa kwanza. F na v zilimtoka kama zilivyomtoka siku zote. Kulikuwa na mtu mmoja aliyecheka, naye msichana alimngoja amalize, akaendelea na ukurasa.